Kikokotoo cha umbali kati ya miji: kilomita zake naziamini, saa zake sizitegemei tena

Kwa wiki mbili nimekuwa nikitumia kikokotoo cha umbali cha kwenye intaneti kupanga safari ya Sydney hadi Perth, miji miwili ya Australia iliyotenganishwa na takriban upana wote wa nchi hiyo. Ukiandika majina ya miji hiyo, programu inakupa umbali wa mstari ulionyooka, umbali wa barabara na muda wa kusafiri, bila kukulazimisha kujisajili.

Katika umbali sikuona kasoro. Programu ilionyesha takriban kilomita 3,290 kwa mstari ulionyooka, na zaidi ya kilomita 3,900 kwa barabara, ambayo haina budi kufuata nchi kavu na kuizunguka Ghuba Kuu ya Australia. Ramani yake huuchora mstari huo ukiwa umepinda, jambo ambalo huenda likamshangaza asiyelizoea, lakini ndivyo inavyopasa, kwa sababu dunia ni mviringo na njia fupi kabisa juu yake haionekani kunyooka katika ramani bapa.

Shida ilinipata kwenye muda. Programu hugawanya kilomita kwa mwendo mmoja wa ndege, yaani kilomita 900 kwa saa, ikapata saa 3 na dakika 39, na jibu hilo haligeuki hata ukibadilisha mji wa kuanzia. Kwa kweli ndege inayotoka Sydney kwenda Perth hutumia karibu saa 5, ilhali ile ya kurudi hutumia karibu saa 4, kwa kuwa upepo wenye nguvu wa anga za juu huvuma kutoka magharibi, ukaizuia ndege inayoukabili na kuisukuma ile inayofuatana nao. Aidha, dakika za kutembea uwanjani, kupaa na kupunguza mwendo kabla ya kutua hazikuhesabiwa kabisa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba tofauti ya saa za miji hiyo haitajwi popote. Wakati wa baridi Sydney huitangulia Perth kwa saa 2, na wakati wa joto kwa saa 3, kwa sababu Sydney husogeza saa zake mbele na Perth haifanyi hivyo. Kwa hiyo, wakati wa baridi, anayeondoka Sydney saa 4 asubuhi hufika Perth yapata saa 7 mchana kwa saa za huko, lakini anayeondoka Perth saa 4 asubuhi hufika Sydney yapata saa 10 jioni. Mimi nilikuwa nimemwahidi mwenyeji wangu wa Sydney kwamba ningefika mapema mchana, nikamweka uwanjani akinisubiri kwa zaidi ya saa mbili, na hilo liliniumiza.

Reli nayo imeachwa, ingawa treni ya Indian Pacific huiunganisha miji hiyo kwa njia ya kilomita 4,352, ikiwemo sehemu ya kilomita 478 iliyonyooka bila kona hata moja katika uwanda wa Nullarbor. Msafiri asiye na haraka angependa kuiona ikilinganishwa na barabara.

Bado naitumia programu hii ninapotaka kilomita. Muda nautazama katika ratiba ya ndege yenyewe, ambako saa ya kuondoka na ya kufika huandikwa kwa saa za kila mji.