Botox au fila: ipi kwa uso uliozoea jua la Kibirizi?

Shangazi yangu ameanika dagaa Kibirizi, mwaloni wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, miaka mingi, macho ameyakunja kwa mng'ao wa ziwa. Katikati ya nyusi zake kuna mistari miwili iliyosimama kama namba 11. Juzi aliniuliza kuhusu sindano za uso, nikamweleza hivi.

Mistari inayotokana na kukunja uso ni kazi ya Botox. Dawa hii huzuia neva zisiuamrishe msuli kujikunja, na ngozi iliyo juu yake hutulia. Usitarajie kuona kitu siku hiyo hiyo. Mabadiliko huanza baada ya siku 3 hivi, hukamilika ndani ya wiki 2, na hudumu miezi 3 hadi 4. Marekani iliiruhusu kwa mistari hiyo ya katikati ya nyusi mwaka 2002.

Fila ni habari nyingine. Ni ute mzito, mara nyingi wa asidi ya hialuroniki, unaojaza palipobonyea: mashavu, midomo, mifereji ya kando ya pua. Matokeo yake ni ya papo hapo, na hudumu takriban miezi 6 hadi 18. Ila hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka. Anayechoma lazima awe daktari mwenye dawa ya kuiyeyusha, hialuronidesi, pale pale mezani.

Shangazi, kwa mistari yako ningechagua Botox, tena kwa daktari wa ngozi, si saluni. Na kesho ukienda kuanika, vaa kofia pana.