Efteling na watoto wadogo: msituni ndiko kwenyewe

Mzazi mwenye watoto wadogo akisema anatafuta bustani kubwa ya michezo ya kuwapeleka likizo, atatajiwa majina yale yale mawili matatu. Sisi tulikwenda Efteling, iliyoko Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi, na nikiulizwa leo wapi pa kuwapeleka kabla hawajakua, jibu langu ni hilo hilo. Wangu ni binti wa miaka mitano na mdogo wake wa kiume ambaye hata mitatu hajatimiza. Kwa umri huo ni rahisi siku nzima iishie kwenye milango ya mashine za kupanda, mtoto anapimwa kimo na kuambiwa bado. Efteling ina mashine hizo pia, lakini moyo wake ni msitu wa kutembea kwa miguu, na humo hapimwi mtu.

Msitu wenyewe unaitwa Sprookjesbos, yaani Msitu wa Ngano, hadithi za kale. Ndio ulioanza mwaka 1952, ukiwa na ngano kumi tu, na sasa zinakaribia thelathini. Michoro ilitoka kwa Anton Pieck, mchoraji aliyekuwa na jina tayari wakati huo, na mitambo ya mwanzo ikabuniwa na Peter Reijnders. Pieck alitaka vitu vijengwe kwa matofali, mawe na mbao za kweli, na ukifika unaona faida yake. Kuta zimepinda kidogo, mapaa yamebonyea kana kwamba yamekaa pale karne nzima, miti imevizunguka vibanda pande zote. Mtoto anagusa, anachungulia dirishani, anarudi nyuma kutazama tena, wala hakuna anayemfukuza.

Kilichomshika mdogo hakikuwa kitu kikubwa. Kando ya njia kuna uyoga mwekundu wenye madoa meupe, na ndani yake unatoka muziki mwororo. Alisimama akausikiliza, akauinamia, akaweka sikio juu yake na kufumba macho. Akahamia mwingine, akafanya vile vile. Watu wakapita, sisi tukangoja. Baba yake akamwambia, "Twende mwanangu, mbele kuna jitu." Akajibu, "Ngoja baba, bado anaimba." Hatukumharakisha, na huo ndio ushauri wangu mkubwa kwa anayekwenda na mtoto wa umri ule: tenga nusu siku kwa ajili ya msitu peke yake, na uingie asubuhi milango inapofunguliwa, wakati wenye watoto wakubwa wanakimbilia rolakosta, vile vigari vya reli vinavyopanda na kushuka kwa kasi, upande wa pili.

Halafu kuna Holle Bolle Gijs. Huyu ni pipa la taka, ila limetengenezwa kwa sura ya bwana mnene aliyeachama kinywa, na wa kwanza aliwekwa bustanini mwaka 1959. Sasa wako kadhaa, kila mmoja na umbo lake. Anaita kwa Kiholanzi, "Papier hier!", yaani karatasi hapa, na ukisogeza karatasi kinywani pake inavutwa kwa upepo mkali, inapotea, kisha anakushukuru. Binti yangu alianza kuokota kila karatasi aliyoiona njiani, zetu na za watu wengine, akamlishe Gijs. Zilipomwishia akanijia, "Mama, huna hata risiti?" Nikampa. Akarudi, nikampa nyingine. Njia za bustani ile ni safi mno, na sehemu ya usafi huo inafanywa na watoto kwa hiari yao wenyewe.

Langnek, jitu lenye shingo ndefu, yupo tangu mwaka ule wa kwanza. Shingo yake inapanda taratibu, inapanda tena mpaka mtoto anarudisha kichwa nyuma kuifuata, kisha inashuka. Kuna punda unayemtilia sarafu, analia, halafu anadondosha kwa nyuma kipande cha dhahabu cha kuchezea. Kuna viatu vyekundu vinavyocheza ngoma bila mtu ndani yake. Kuna kasuku anayerudia maneno unayomwambia, binti yangu alimwamkia "Shikamoo," kasuku naye akamrudishia shikamoo hiyo hiyo, mtoto akageuka kumshtaki kwa baba yake: "Baba, huyu haitikii marahaba!" Na kuna jumba la binti mfalme aliyelala. Pale mwonyeshe mtoto kifua cha binti mfalme, kinapanda na kushuka kwa pumzi. Wangu walinong'ona muda wote tuliokuwa mle ili wasimwamshe.

Sauti za msituni zinasimulia kwa Kiholanzi, na watoto wangu hawakuelewa hata neno moja. Halikuwa tatizo, maana ngano nyingi ni zile zinazojulikana dunia nzima, na mimi nilikuwa nimewasimulia kitandani kwa majuma kadhaa kabla ya safari. Tukifika mbele ya kibanda naanza, "Paukwa," wanaitikia, "Pakawa," naendelea. Tulipoikaribia nyumba iliyojengwa kwa vitu vitamu, dada mtu alishajua bibi kizee anayeishi humo ni nani, akamshika mdogo wake mkono kwa nguvu. Usiende bila maandalizi hayo. Mtoto anayeijua hadithi anaona vitu ambavyo asiyeijua atavipita tu.

Nje ya msitu, mashine zinazowafaa wadogo ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Tuliyoipenda sote ni Droomvlucht, ya mwaka 1993. Mnakaa kwenye vigari vinavyoning'inia na kupita gizani kati ya misitu yenye viumbe wenye mabawa, mazimwi madogo yanayochekacheka na majumba yanayoelea angani. Mwishoni vigari vinashuka kwa kuzunguka, haraka kidogo. Mdogo alinikamata mkono, na tulipotoka nje akataka turudi. Symbolica, iliyofunguliwa 2017, ni jumba la kifalme ambamo Pardoes, mchekeshaji wa mfalme, anawapitisha wageni kwa mlango wa siri. Vigari vyake havina reli, na unachagua moja ya njia tatu kabla ya kupanda. Kuna pia kijiji cha Volk van Laaf, chenye vinyumba vilivyopinda ambavyo watoto wanaingia na kutoka wapendavyo, na juu yake vigari vyenye umbo la konokono vinabeba abiria kwenye reli moja. Miguu ikichoka, pandeni garimoshi la mvuke linaloizunguka bustani tangu 1969. Kwa mdogo, garimoshi lenyewe lilitosha kuwa safari.

Fata Morgana ni habari nyingine. Ni safari ya mashua ya mwaka 1986, ndani ya mji wa kubuni wa Mashariki, soko lake limejaa watu, na kimo hakiwi kizuizi. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Lakini kuna giza, kuna gereza lenye wafungwa, kuna jitu linalolinda hazina. Binti alikodoa macho mwanzo hadi mwisho na kusimulia siku nzima. Mdogo alificha uso kifuani pangu kuanzia gerezani na hakuuinua mpaka tulipoona mwanga. Mtoto wa chini ya miaka minne au mitano ningemwacha nje na mzazi mmoja, hata kama anaruhusiwa kuingia.

Kuhusu kimo: Joris en de Draak, rolakosta ya mbao, inataka mtoto awe na sentimita 110. Baron 1898, inayodondoka wima mita 37.5 na kufikia kilomita 90 kwa saa, inataka 132. Binti yangu alipungukiwa sentimita kidogo tu kwa Joris. Kwa kuwa tulimpima nyumbani na kumweleza mapema, alilipokea bila machozi. Nimeona watoto wengine wakiangua kilio mbele ya kile kipimo, na wazazi wao hawana la kusema. Mwambie mtoto kabla hajafika mlangoni. Ninyi wazazi mkitaka kupanda, ulizieni utaratibu wa kubadilishana: mmoja anabaki na mtoto, mwenzake anapanda, kisha wa pili anaingia bila kuanza foleni upya. Baba yao alipanda Baron kwanza, akanirudia miguu inatetemeka na uso umejaa furaha, akanisukuma nami niende. Nilikwenda. Pale juu mashine inasimama kidogo ukiwa unatazama shimo chini yako kabla haijakuachia, na ile pumzi niliyoishika sitaisahau.

Kigari cha kusukuma ni lazima, hata kama mtoto wako anatembea vizuri. Bustani ni kubwa, na saa za mchana mtoto wa miaka miwili miguu inamwisha. Pampasi, nguo za kubadili na koti la mvua viwe ndani ya kigari kila wakati, maana mvua ya Uholanzi haipigi hodi. Mvua ilitukuta msituni; tuliwavika makoti tukaendelea, na msitu ukiwa umelowa unapendeza zaidi na njia zinabaki na watu wachache. Kwa usingizi wa mchana nina mapendekezo mahususi: Gondoletta. Ni mashua zinazovutwa polepole sana ziwani kwa kama dakika 20. Mdogo alilala kabla hatujafika nusu. Nami nilikaa kimya kwa mara ya kwanza siku ile nikitazama maji na bata.

Tulilala Bosrijk, nyumba za likizo za bustani yenyewe zilizo kando ya maji na miti, na hapo ndipo likizo ilipokuwa likizo kweli. Ukilala kwenye malazi yao unaingia bustanini kila siku ya ukaaji wako, pamoja na siku ya kufika na ya kuondoka. Maana yake huna haja ya kumburuta mtoto aliyechoka ili tu tiketi isipotee. Asubuhi tulikuwa msituni, mchana tukarudi nyumbani kwa miguu watoto wakalala au kuogelea, jioni tukarudi tena foleni zimepungua. Kwa familia yenye mtoto anayehitaji usingizi wa mchana, fedha zikiruhusu, sioni namna bora zaidi ya kuitembelea.

Jioni usikose Aquanura, onyesho la maji, mwanga, muziki na moto lililoanza mwaka 2012. Linachezwa ziwani siku inapoisha. Fikeni mapema kidogo mtoto apate nafasi ya mbele, na msimame mbali kiasi kama anaogopa mshindo. Wangu walikuwa mabegani, mmoja kwa kila mzazi.

Watoto wa chini ya miaka minne wanaingia bila tiketi. Kwa wengine nunueni mtandaoni mapema kwa tarehe mnayoitaka, na mkwepe likizo za shule za Uholanzi kama mnaweza. Siku za katikati ya juma ndizo zilizotufaa. Bustani inafunguliwa mwaka mzima. Asiye na gari anapanda treni hadi 's-Hertogenbosch au Tilburg, halafu basi linalomshusha karibu na lango, lile lenye paa kubwa la nyasi la ncha tano ambalo watoto wataliona kabla yenu.

Tunapanga kurudi mdogo akifikisha mita moja, kwani ndicho kimo cha Max & Moritz, rolakosta ya familia iliyofunguliwa 2020. Dada mtu atakuwa ameshavuka zile 110 za Joris, na ameniambia safari hiyo atakaa kiti cha mbele kabisa, pamoja na baba.