Umerudi kwenye vifaru vya plastiki? Anza na kalibu ya zamani, si boksi la zamani

Mwaka jana tulipokuwa tunapaka rangi nyumba ya mama huko Tanga, boksi moja lilishushwa kutoka juu ya kabati, la modeli ya kifaru cha vita, ya plastiki na ya kuunga mwenyewe. Mjomba wangu, baharia, aliniletea nikiwa darasa la sita. Niliunga nusu, mitihani ikanikuta, kifaru kikabaki juu kule zaidi ya miaka thelathini. Nilipolifungua nikakuta minyororo ya mpira imelalia magurudumu, na kila ilipogusa, plastiki imelainika na kubonyea, inanata kama peremende iliyosahaulika mfukoni. Mafuta yanayoulainisha mpira wa vinaili huhama polepole na kuitafuna polistirini, yaani plastiki ya kifaru, iliyo jirani yake. Magurudumu manne hayakuwa na maana tena.

Jioni hiyo hiyo nikaanza kutafuta cha kununua. Tangu hapo nimeunga tisa, nimeuziwa kimoja kibovu, na kimoja nimekirudisha ndani ya boksi kwa hasira. Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: mtu aliyeacha akiwa kijana, ambaye leo ana kazi, watoto na miwani, je, atakimaliza na kutamani kingine? Wanaohesabu kila ribiti kuona kama modeli inafanana na kifaru halisi wana orodha zao.

Kabla hujatoa pesa, tenganisha vitu viwili: boksi la zamani na kalibu ya zamani. Kalibu ni chuma kizito kinachosindiliwa plastiki ya moto, na kikitunzwa hudumu miongo. Kampuni kubwa bado zina kalibu zao za tangu tukiwa watoto, na kila baada ya muda huzirudisha mashineni. Kwa hiyo unaweza kupata kifaru kilichobuniwa 1975, vipande vilevile, karibu picha ileile juu ya boksi, lakini plastiki imetoka kiwandani juzi, minyororo bado laini na stika hazijawa njano. Hicho ndicho cha kununua. Boksi lililokaa darini miaka arobaini lina utamu wake, ila ni utamu wa mkusanyaji.

1. Tamiya 1/35, kalibu za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980

Hapa sina wasiwasi. Tamiya ni watu wa Shizuoka, Japani, waliokuwa wauza mbao kabla ya kuingia kwenye plastiki. Kifaru chao cha kwanza, Panther ya Kijerumani, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikiwa na mota ya kukitembeza. Ukubwa wake uliamuliwa na betri zilizotakiwa kuenea tumboni. Walipokuja kupima wakakuta ni kama 1/35 ya kifaru halisi, wakaendelea hivyo hivyo, na wengine duniani wakawafuata. Kila ukiona 1/35 kwenye boksi, kumbuka ni betri iliyoamua.

Urithi wa mota utaukuta kwenye seti nyingi za wakati ule. Tumbo lina matundu ya swichi. Sehemu ya juu ya minyororo, pale bodi inapotokeza pembeni, iko wazi kwa chini. Ukikiinua kifaru unaona ndani mpaka upande wa pili. Dawa yake imo jikoni. Tafuta kikopo cha mtindi chenye alama ya PS au namba 6 kitakoni. Hiyo ni polistirini, ndugu wa plastiki ya kifaru, na gundi ya modeli inaishika sawasawa. Kata vipande viwili kwa wembe, bandika kwa ndani, paka rangi. Kikopo chenye namba 5 kiache, gundi haikishiki kabisa. Nilipoteza Jumamosi nzima kabla ya kugeuza kikopo na kusoma.

Wa kwanza kununua ni T-34/76 ya Kisovieti, kalibu ya 1975. Magurudumu ni makubwa na ni matano tu kila upande, bodi ni mabapa yaliyoinama, na rangi ya kijani moja inatosha. Jioni tatu au nne umemaliza. Kikifuata, chukua Sherman M4A3 ya 1981, ambayo ina vijimambo vingi zaidi (mabegi, makopo, bunduki ya mnarani, yaani juu ya kile kichwa kinachozunguka) na bado vinakaa mahali pake bila kulazimishwa. Panzer II ya 1971 ni ndogo na nyepesi, nzuri kwa mtu anayetaka kujaribu mkono kwanza. M3 Lee ya 1974 iache kwa baadaye: umbo lake kwenye boksi linavutia sana, lakini tumbo lina matundu ya mota na mifumo ya magurudumu yake imelalamikiwa na wajuzi kwa miaka mingi.

Kuhusu minyororo. Kwenye seti za zamani ncha moja ina vijipini na nyingine matundu. Unapitisha pini kwenye tundu, kisha unazibonyeza vichwa kwa bisibisi iliyopashwa moto mpaka zisambae kama kichwa cha ribiti. Bisibisi isiwe nyekundu! Ipashe, iguse kwanza kwenye kipande cha taka, ndipo ubonyeze na kuhesabu moja, mbili. Seti nyingine za sasa zina minyororo inayokubali gundi ya kawaida, na karatasi ya maelekezo itakuambia. Na ukimaliza, magurudumu yawe yamepakwa rangi vizuri pale mpira unapogusa, ili mjukuu wako asikute nilichokikuta mimi.

T-34 yangu ilipokuwa inakauka barazani alipita mzee jirani, aliyekwenda vita vya Kagera. Akakiinua, akakizungusha, akakirudisha. "Sicho hiki, mwanangu. Vyetu vilikuwa na kichwa cha mviringo, kama bakuli lililofunikwa." Alikuwa anasema Type 59, kifaru cha Kichina kilichoigwa kutoka T-54 ya Kisovieti. Kama na wewe unataka vya Kagera, Trumpeter wa China wanatengeneza Type 59 ya 1/35, na kwa upande wa jeshi la Amin kuna T-55: Tamiya walitoa T-55A yao 2002, ambayo si ya zamani sana lakini inaungika kwa utulivu uleule.

2. Airfix 1/76, zinazouzwa kama Vintage Classics

Hizi za Airfix, kampuni ya Uingereza, ndizo za bei nafuu kabisa. Uingereza kwa kawaida kimoja hakifiki pauni 15, na boksi ni dogo, kwa hiyo hata mtu anayekuja likizo hatakataa kukubebea mawili. Kalibu za Panther, Sherman na Churchill ni za 1961. Kipimo cha 1/76 kilichaguliwa ili viendane na treni za kuchezea za kipimo kiitwacho OO, ambazo Waingereza walikuwa nazo majumbani.

Tiger ya Kijerumani ya kipimo hiki ina urefu wa sentimita 11 hivi pamoja na mzinga, inaenea kiganjani. Vipande havifiki mia. Sasa ubaya wake: kalibu imechakaa, kwa hiyo kingo zina ndimi nyembamba za plastiki iliyovuja, na nusu mbili za mzinga hazikutani vizuri. Andaa msasa wa namba 400 na 600 na pati kidogo ya kuzibia mianya. Lakini kosa la kifaru cha bei hii haliumizi. Nikiwa na binti yangu wa miaka tisa ndizo ninazotumia. Yeye anakata kwa kikata kucha, mimi nasugua msasa, na ikitokea mnara umebandikwa kinyume tunacheka.

Mbona basi haikushika namba moja? Kwa sababu ya macho. Ukishapita umri wa miaka arobaini na tano, kubandika taa ya ukubwa wa punje ya mchele si starehe ya kila mtu.

3. Tamiya 1/48

Hii si ya zamani, ilianza 2003, ila nimeiweka kwa wenye rafu fupi. Tiger ya 1/35 inafika sentimita 24 na mzinga wake. Ya 1/48 inaishia kama 17 na nusu. Katika seti nyingi za mwanzo tumbo ni la chuma, kwa hiyo kifaru kina uzito wa kupendeza mkononi, lakini gundi ya plastiki haishiki chuma na itabidi utumie supagluu ya dukani. Vipande vinaingiliana bila kubembelezwa. Kwa mtu anayetaka usafi zaidi ya kumbukumbu, hii ingekuwa ya kwanza.

4. Maboksi halisi ya wakati ule

Hapa pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna mawili yanayostahili kusakwa. Moja ni Matchbox 1/76 za miaka ya 1970, zenye plastiki ya rangi zaidi ya moja na kitako chenye mandhari: ukuta uliobomoka, barabara, matope. Unapata kifaru na mahali pa kukiweka. Kalibu nyingi zilifika mikononi mwa kampuni ya Revell, ambao wamezitoa tena mara kadhaa, hivyo tafuta kwanza toleo la Revell. Seti ya Char B1 bis pamoja na Renault FT ndogo ni raha tupu, vifaru viwili vya Kifaransa kwa boksi moja. Jingine ni Monogram 1/32 za Marekani, ambazo baadhi yake ziliwekewa karatasi za Shepard Paine, fundi wa modeli wa Marekani, zikionyesha hatua kwa hatua jinsi alivyotengeneza mandhari ya boksi hilo. Karatasi hiyo pekee ilifundisha kizazi kizima, na boksi lililopoteza karatasi lipunguzwe bei.

Usiridhike na neno "halijafunguliwa". Nililouziwa mimi lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, na ndani minyororo ilikuwa imekauka hadi inakatika ukiikunja. Mwombe muuzaji picha nne: vipande vyote vikiwa kwenye fremu zake, stika karibu kabisa, minyororo ikiwa imekunjwa kidogo kwa kidole, na ukurasa wa kwanza wa maelekezo. Akisita, mwache na boksi lake.

Stika zilizogeuka njano zinaokolewa. Zibandike kwa selotepu kwenye kioo cha dirisha, uso ukitazama jua, wiki moja au mbili. Kwa jua la Tanga siku tano zilitosha. Kisha jaribu moja usiyoihitaji kwenye maji. Ikipasuka vipande, puliza vanishi angavu juu ya zilizobaki kabla ya kuzilowesha, na kila moja uikate peke yake, maana vanishi itaziunganisha zote kuwa ngozi moja.

5. Seti za kisasa zenye kila kitu

Zimejaa sokoni, na picha zake zitakutamanisha. Mamia ya vipande; zile zenye injini na viti vya ndani hupita elfu. Mnyororo unaungwa pingili moja moja, na kuna vibati vya shaba vyembamba vya kukunja kwa koleo. Ni kazi nzuri sana, kwa mtu aliyekwisha kuunga kumi. Ile iliyonipandisha hasira ilinitaka niunge gurudumu moja kwa vipande saba, na magurudumu yalikuwa kumi na sita. Nilifika la tano.

Gundi na rangi

Gundi nyepesi ya modeli, ile ya kupaka kwa brashi kwenye mshono, ndiyo bora, lakini inashika moto, sawa na rangi za makopo ya kupuliza na rangi za mafuta. Wasafirishaji wengi hawazipandishi ndege, kwa hiyo usiziweke kwenye oda moja na kifaru, mzigo wote utakwama. Rangi za maji kama Vallejo za Hispania hazina tatizo hilo na brashi unaosha bombani. Anza na nne: kijani, kahawia ya udongo, nyeusi, na rangi ya chuma. Gundi nilimwagiza mtu anayesafiri kwa meli, kama zamani.

Kwa sasa T-34 iko juu ya redio, stika za boksi la mjomba ziko dirishani, na Type 59 imeshalipiwa lakini haijafika. Mzee ameulizia mara mbili.