Nyaya za kamera zilizokufa zimetufikishia waifai ghorofani, Lamu

Nyumba yetu iko Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani, kuta zake unene wake wafika nusu mita. Ruta tuliyofungiwa na kampuni ya mtandao iko msana wa chini, ule ukumbi unaoelekea uani, pale waya unapoingilia. Ukisimama mbele yake unapata zile megabiti 20 tunazolipia. Ukiingia ndani, chumba kimoja tu nyuma ya ukuta, zashuka hadi 6. Ghorofani kwa shangazi ndiyo kabisa: alama moja kwenye simu, na video haiendi.

Shangazi ana mwanawe Jeddah. Huzungumza kila Ijumaa baada ya alasiri, na kwa miaka miwili amekuwa akishuka ngazi za mawe, huku goti lamuuma, aje akae karibu na ruta ili amwone mwanawe uso. Hilo ndilo lililonitafutisha dawa.

Nilianza na repita, kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea waifai na kuirusha mbele. Nikaiweka kwenye ngazi. Alama kwenye simu zikajaa, furaha tele, lakini nilipopima nikapata megabiti 2, wakati mwingine 3. Repita yangu ilikuwa ikipokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi yakatwa karibu nusu. Tena yenyewe ilikuwa ikiisikia ruta kwa taabu kupitia ukuta uleule uliotushinda sisi. Alama nyingi kwenye simu zaonyesha uko karibu na repita tu. Hazisemi repita yapata nini kutoka kwa ruta. Shilingi 2,500 zilikwenda hivyo.

Kisha siku moja nikiwa nimekaa kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, macho yakanituma juu kwenye boriti. Kulikuwa na waya mweusi uliopita sambamba na boriti hadi darini. Wapangaji wa zamani walifunga kamera nne za ulinzi. Kamera ziliharibika kwa chumvi ya bahari, nyaya zikabaki. Nikapanda kwenye kiti nikafuta vumbi, maandishi kwenye ngozi ya waya yakasoma Cat5e. Ni waya wa mtandao wa kawaida kabisa, nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, waweza kubeba gigabiti moja kwa umbali wa hadi mita 100. Wangu haufiki mita 30. Na jambo lililonifurahisha kuliko yote: hakuna kutoboa. Chokaa ya nyumba hizi ukiigonga patasi mahali pamoja yamomonyoka pengine, na plasta ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ikibomoka, mafundi wa kuirudisha vile ilivyokuwa ni wachache.

Nilinunua ruta ya pili, TP-Link Archer C6. Nikamwita kijana mmoja wa mtaani anayefunga kamera. Kwanza alichomoa waya kutoka kwenye kile kisanduku cha kurekodia, na ninasisitiza hili: visanduku vya namna hii vingi hupeleka umeme ndani ya waya ili kulisha kamera, na vile vya bei rahisi vyasukuma umeme bila kuuliza upande wa pili kuna nini. Ukichomeka ruta hapo waweza kuiunguza.

Tulipounganisha, taa haikuwaka. Tukapanda darini. Kijana akakata kile kichwa cha plastiki, akamenya ngozi, akanionyesha: nyuzi za shaba zilikuwa kijani kama sarafu iliyookotwa pwani. Akakata kama shubiri moja, bado kijani. Akakata tena, na mara ya tatu shaba ikatoka nyekundu, yang'aa. Akapanga nyuzi nane kwa rangi, chungwa-nyeupe mbele na kahawia nyuma, kwa mpangilio uleule wa upande wa chini, akabana kichwa kipya. Taa ikawaka. Alinitoza shilingi 1,000 na vichwa viwili, na nilimwona ni mwaminifu.

Kosa langu lilikuwa kwenye mipangilio. Nilichomeka waya kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, nikaiacha ruta mpya ifanye kazi zote, kwa hivyo nyumba ikawa na mitandao miwili: printa iliyo chini haikuonekana kutoka juu. Nikaingia kwenye mipangilio nikachagua hali ya eksesi pointi. Sasa ruta ya chini peke yake ndiyo inayovigawia vifaa anwani za mtandao, ya juu yarusha waifai tu. Zote mbili nikazipa jina moja na nenosiri moja, nikaweka ya chini chaneli 1 na ya juu chaneli 11 zisigongane.

Mara ya kwanza niliiweka ndani ya kidaka, ikapendeza kweli, antena zimesimama kama vyombo vya maonyesho. Lakini kidaka ni mawe pande tano. Nilipoihamishia juu ya kabati mkabala na mlango, kasi ikatoka 11 hadi 19. Mlango wazi, waifai yapita.

Ila moja: simu ya shangazi akipanda kutoka chini hung'ang'ania ruta ya chini hata kama alama imebaki moja. Nimepunguza nguvu ya urushaji ya ruta ya chini, sasa yaachia akifika nusu ya ngazi. Na stima ikikatika ruta zote mbili zazima, kwa sababu hii ya juu yataka soketi yake. Nanunua betri ndogo za kuzishikilia.

Ijumaa iliyopita shangazi hakushuka. Nikapanda kumwangalia, nikamkuta kitandani, simu ameiegemeza kwenye mto, anamwonyesha mwanawe paka wawili wa darini mmoja mmoja. "Mwanangu, funga mlango," akaniambia. Nikamwambia, "Shangazi, mlango uache wazi."

Zimebaki nyaya tatu, mmoja waenda dakani, kibaraza cha mlangoni, upande wa barabarani. Nitaanza kwa kuukata kichwa nione rangi ya shaba.