Bima ya gari kwa mwanafunzi aliyefungiwa leseni Marekani: ipi uanze nayo na ipi iwe ya mwisho

Wanafunzi wengi wakishafungiwa leseni kitu cha kwanza wanakata bima, manake wanaona si siendeshi tena, nalipia nini sasa. Usifanye hivyo. Siku ukirudi barabarani kampuni zitaona ulikaa muda bila bima na hilo peke yake linapandisha bei, juu ya ile kesi yenyewe. Kabla ya kukata chochote soma barua ya jimbo mpaka mwisho, tafuta mambo mawili: umefungiwa kabisa au umepewa leseni yenye masharti (mfano kwenda chuo, kazini na hospitali basi), na je wanataka SR-22.

SR-22 sio bima, hapa watu wanachanganya sana. Ni fomu ambayo kampuni yako inaituma kwa jimbo kuthibitisha una bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga, kwa kiwango cha chini cha sheria. Ada ya kuituma huwa ndogo, mara nyingi kama dola 25 hivi, kinachouma ni bima yenyewe kupanda. Majimbo mengi wanaidai miaka 3, na bima ikikatika katikati, hata kwa kuchelewa kulipa tu, kampuni inaliarifu jimbo na unafungiwa upya. Kwa kesi za pombe Florida na Virginia wanataka FR-44, fomu kama hiyo ila inadai bima yenye viwango vikubwa zaidi, Florida ni dola 100,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 300,000 kwa watu wote walioumia kwenye ajali moja na 50,000 kwa mali. New York na Pennsylvania wao hawatumii SR-22.

Sasa chaguo, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni kubaki kwenye bima ya wazazi, kama una leseni yenye masharti na anwani yako bado ni ya nyumbani. Mara nyingi ndo nafuu kuliko zote kwa sababu rekodi yao nzuri inakubeba. Najua kumwambia mzee kwamba umefungiwa leseni ni kazi, ila mwambie, manake kampuni itaiona kwenye rekodi yako ikifika muda wa kurenew. Waulize kampuni kama wanatuma SR-22, kuna kampuni hazitumi. Uliza pia punguzo la mwanafunzi mwenye wastani wa B, na kama chuo kiko zaidi ya maili 100 na gari limebaki nyumbani kuna punguzo la hilo pia. Kitu cha kuangalia sana: wazazi wanaweza kuambiwa wasaini fomu ya kukutoa kwenye bima ili bei ishuke. Wakati umefungiwa kabisa ni sawa tu, ila ukigusa hilo gari ukagonga, kampuni mara nyingi hailipi hata senti na familia inaweza kuingia kwenye deni, kwahiyo leseni ikirudi hakikisheni umerudishwa ndo ushike funguo.

Namba mbili, bima ya dereva asiye na gari. Hii naipenda kwa mwanafunzi anayeishi bweni, inakidhi SR-22, inazuia lile pengo la kukaa bila bima, na kwa kawaida ni bei nafuu kuliko bima ya gari lako mwenyewe. Haitengenezi gari uliloazima na haifai kwa gari la nyumbani unaloendesha kila siku.

Tatu ni bima yako mwenyewe kwa jina lako. Ghali, lazima niseme ukweli. Hapa omba bei kampuni nyingi kadiri uwezavyo kwa sababu kila moja inalipima kosa lako kivyake, na zote uziambie maelezo yaleyale. Usikimbilie kiwango cha chini bila kufikiri, California kwa mfano tangu Januari 2025 ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa watu wote walioumia na 15,000 kwa mali, na ukigonga gari jipya hiyo 15,000 inaisha haraka sana, kinachobaki unadaiwa wewe.

Nne, bima ya gari lililopaki, inalipa wizi, moto, mvua ya mawe. Kama gari lina mkopo benki haitakubali hii peke yake, na New York lazima urudishe pleti kwanza kabla hujatoa bima ndogo.

Ya mwisho ni mpango wa jimbo wa madereva waliokataliwa kila mahali, kampuni inapangiwa wewe na inabidi ikuchukue. Bei iko juu, nenda huko milango mingine ikishafungwa.

Na hakuna hata moja kati ya hizi inayokuruhusu kuendesha wakati umefungiwa kabisa. Ukishachagua weka malipo yakatwe yenyewe benki, na miaka ya SR-22 ikiisha wapigie jimbo wewe mwenyewe wathibitishe tarehe, ndo umwambie ajenti aitoe na uanze kuomba bei upya.