Seti ya gofu ya plastiki toka Kariakoo, miezi saba uani na binti yangu wa miaka minne

Wazazi wenzangu, hii seti tunaitumia toka mwezi wa tatu na binti yangu ambae sasa ana miaka minne na nusu, kwahiyo naongea kitu nlichokaa nacho sio nimefungua boksi jana nikaja kuandika leo. Ni ile ya plastiki inayouzwa Kariakoo kwenye maduka ya midoli ya jumla, boksi halina hata jina la kueleweka, ndani kuna fimbo tatu, nyekundu ni pata ya kusukumia, bluu na njano ni za kupigia, kuna mipira sita mikubwa kama chungwa dogo, tii mbili nene za kuwekea mpira juu yake, vishimo viwili vyenye bendera na kibegi cha magurudumu. Muuzaji alianzia elfu 50 tukamalizana kwa elfu 38.

Kabla ya hapo nlimpa fimbo ya chuma, na hili nataka mlisikie vizuri kwasababu kinababa wengi tunaanzia hapohapo. Kuna fundi aliniletea aini (fimbo yenye kichwa cha chuma) ya mtu mzima kaikata mpini afu karudishia raba ya kushikia, ukiitazama unasema hii ya mtoto kabisa, kumbe kichwa cha chuma ni kilekile, uzito uleule. Mtoto akiinyanyua inamvuta, anazunguka nayo mwili mzima mpaka anakaa chini, na ile raba nene vidole vyake havikutani. Mpini ukishakatwa unakuwa mgumu kama nondo, kwa mkono wa mtoto hauna msaada wowote. Siku ya tatu nikamwambia "mama twende tukapige", akaenda kujificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Iliniuma sana. Mimi gofu nimeijua kwa kubeba mabegi ya watu nikiwa sekondari, nlikuwa kedi wa wikiendi, naupenda huu mchezo mpaka leo na nlitaka mwanangu aujue kwa kuucheza.

Sasa hii ya plastiki, siku ya kwanza sikumfundisha chochote. Nliiacha tu kibarazani boksi likiwa wazi nikaendelea kuosha pikipiki. Kidogo nasikia pwaa! mpira umegonga ndoo, anacheka. Pwaa tena. Fimbo ni nyepesi anaiendesha atakavyo, na kichwa chake kipana, kwahiyo hata akipiga vibaya mpira unaondoka, na kwa mtoto wa umri ule mpira kuondoka ndio kila kitu, kupiga hewa mara tano mfululizo ndio kunakomfanya atupe fimbo. Alikuwa ameishika mikono imepishana, wa kushoto chini, nikataka kwenda kumrekebisha, jirani yetu ambae mpaka leo ni kedi akanizuia, akaniambia "muache kwanza apige, mikono itajipanga yenyewe." Na kweli imejipanga, sijui hata ni mwezi gani.

Mchezo wetu mkubwa aliubuni mwenyewe. Bibi yake jioni hukaa kwenye mkeka chini ya mwembe anachambua mchicha, basi kazi ni kumpelekea bibi mpira, unapigwa toka mlangoni na lazima usimame kwenye mkeka, ukipitiliza haujahesabiwa. Bibi ana bakuli la karanga, kila mpira ukisimama anatoa mbili, moja ya mpigaji moja anakula yeye. Jamani nlikaa nikaangalia kile kitu nikaona huyu mtoto anajifunza kupima nguvu, ambacho ndio watu wazima tunakihangaikia pale kwenye grini (majani mafupi yanayozunguka shimo) kila siku, na hakuna mtu aliyemwambia neno "nguvu". Mwanzo mpira ulikuwa unapita mpaka kwenye banda la kuku. Sasa hivi anachuchumaa kwanza, anaangalia mkeka, anaangalia mpira, afu anasukuma taratibu ulimi uko nje, na bibi anamwita "njoo mume wangu njoo uchukue chako" (bibi zetu na wajukuu, hata awe wa kike).

Vile vishimo vya kwenye boksi sivipendi. Ni vyepesi, kwenye mchanga vinateleza, mpira ukigonga mdomo wake kinasogea, mtoto anakasirika na ana haki ya kukasirika maana kapiga sawa. Nlichofanya nimefukia kindoo cha rangi cha lita nne usawa wa ardhi, nikachomeka bendera yao humo. Shimo halisi la gofu lina upana wa milimita 108 tu, mdomo wa kindoo ni mpana zaidi na hilo ndio zuri lake, mpira unaingia, anaruka, anakimbia kuutoa. Msione aibu kufanya shimo kubwa. Kibegi nacho gurudumu lilivunjika siku ya pili, sasa tunabeba fimbo kwenye kikapu cha sokoni. Fimbo ya njano inalegea pale kwenye maungio, nimezungusha selotepu nyeusi imekaa miezi minne haijasumbua.

Kitu cha hatari ambacho boksi halijaandika popote: fimbo ya plastiki nayo inaumiza. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo akasimama nyuma ya mwenzie, fimbo inarudi ikampata juu ya jicho, akavimba. Toka siku hiyo sheria ni moja, aliyeshika fimbo ni mmoja na wengine wote wako ng'ambo ya kamba ya nguo, na aliyepiga anaweka fimbo chini kabla hajakimbilia mpira. Hii naisimamia kwa ukali, mengine yote nawaachia. Na msichanganye na mipira halisi! Mpira wa gofu unafika gramu 45.93 na ni mgumu kama jiwe, ukigongwa na hizi fimbo za plastiki zinapasuka, na ukimpata mtoto usoni ni hospitali.

Mwezi wa saba nlimpeleka uwanjani, uwanja gani haina haja. Nlinunua mipira ya mazoezi ndoo nzima ya hamsini, jua la saa tano, nikamkalisha pale amalize. Alipiga kama kumi akaanza kuchimba majani na tii, afu akalia anataka nyumbani kwa bibi. Kosa lilikuwa langu la kumpeleka kwa ratiba ya mtu mzima. Mara ya pili tulienda saa kumi na moja jioni, hatukugusa ile sehemu ya kupigia mbali, tulienda moja kwa moja kwenye grini ya mazoezi na pata moja na mipira mitatu, tukakaa dakika ishirini, tukanunua soda tukarudi. Njiani kwenye bajaji akaniuliza "baba kesho tena?" Hapo ndio nikajua tumepona.

Hilo swali ndio kipimo changu cha hii seti, yaani mtoto anaiomba mwenyewe. Watu wanapenda ile video ya Tiger Woods, bingwa wa gofu wa Marekani, ya mwaka 1978 kwenye TV ya Marekani, ana miaka miwili anapiga mpira watu wanashangaa, kila baba akiiona anakimbilia kutafuta kocha. Lakini kabla ya hapo yule mtoto alikuwa anakalishwa kwenye kiti chake gereji anamtazama tu baba yake anavyopiga kwenye neti, na inasimuliwa kwamba alishika namba ya simu ya kazini kwa baba yake, anampigia kumuomba waende wakacheze. Mimi binti yangu hajui namba yangu ila ananiletea ile fimbo nyekundu mlangoni kabla sijavua viatu, inanitosha.

Kwa umri nasema hii seti inafaa miaka mitatu mpaka mitano hivi. Wa kwangu anakaribia kuivuka, ameanza kuinama sana kuishika. Hatua inayofuata nataka fimbo halisi za watoto mbili tu, pata na aini namba 7, mambo ya fimbo 14 ni ya wakubwa. Ukinunua usiangalie umri, mpime mtoto urefu toka chini mpaka utosini, kampuni ya US Kids Golf kwa mfano wanauza kwa urefu, kila saizi imepishana inchi tatu, na mpini wake ni mwembamba na laini umetengenezwa kwa mkono mdogo tangu mwanzo. Ni bei, sifichi, kwahiyo natafuta za mtumba ambazo mtoto wa mtu kazikulia. Ukutani nimembandikia picha ya Madina Iddi, dada yetu anaeenda kupiga gofu nchi za watu na kurudi na vikombe, akiulizwa huyu nani anasema "huyo anaenda kwa bibi yake kwa ndege".

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya vishimo na lile gurudumu. Ukifika dukani fungua boksi hapohapo, shika kila fimbo uitikise uone maungio, hesabu mipira maana ndugu yangu alipata minne badala ya sita, na ukute kuna yenye pata ya nyekundu au ya kijani chukua tu yoyote ila muulize mtoto kwanza rangi. Mimi mwezi wa kumi na mbili narudi kuchukua nyingine, yule aliyevimba jicho anakuja tena likizo na ameshatuma salamu kwamba anataka ya kijani.