Uwanja wa Jamhuri Dodoma: mimi nalipia kivuli

Ukija kutazama mechi ya saa kumi, lipa ukae jukwaa kuu lenye paa. Mzunguko, yaani majukwaa yasiyo na paa, ni bei nafuu, lakini jua la Dodoma halina huruma, na upepo ukianza unakula karanga pamoja na vumbi. Mimi ni dereva wa bajaji, hela naihesabu, ila hapo sibani.

Ninachoupendea uwanja huu ni yale uliyoyabeba. Aprili 26, 2018, kwenye sherehe za Muungano, hayati Magufuli alitangaza hapahapa kwamba Dodoma sasa ni jiji. Novemba 2020 akaapishwa hapa muhula wa pili. Machi 2021 tukamuaga hapahapa. Siku hiyo mji mzima ulisimama, bajaji yangu ikiwamo. Uwanja gani mwingine wa mkoani una mambo hayo?

Mpira nao umechangamka tangu Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, wapande Ligi Kuu 2020. Simba au Yanga wakija, wahi mapema. Siku za kawaida unachagua kiti, na muuza karanga anakufuata mwenyewe: "Shemeji, za moto hizi!"

Nyota nne. Ya tano nawapa wakiezeka mzunguko.